Marama, Kiazi cha Kalahari

Msikilizaji, kwenye mchanga wa Kalahari, huko Botswana na Namibia, kuna mmea wa jamii ya kunde uitwao marama. Hutambaa ardhini, na chini yake umeficha kiazi kilichojaa maji. Hicho ndicho huuvusha kiangazi. Kichimbe kingali kichanga, kikiwa na takriban kilo 1, kisha ukioke au ukichemshe. Kikikomaa sana huwa kichungu na chenye nyuzinyuzi.

Mbegu, kwangu mimi, ndizo hazina yenyewe: zina protini na mafuta tele. Wasan, wenyeji wa Kalahari, huzichoma kwenye majivu ya moto, kisha huvunja ganda. Ladha yake hukaribia korosho. Ukitaka kupanda, kwangua ganda kidogo ili maji yapenye. Na tafadhali, usichimbe kila mmea uuonao porini: kiazi kikiondolewa, mmea hufa.