Jina Linaloandikika: Wanamuziki, Bendi na Utafutaji wa Mtandaoni



Mada niliyopewa inahusu kuchagua jina la msanii au bendi ambalo mtu akilitafuta mtandaoni atalipata. Naomba nimtangulize msikilizaji kabla ya msanii. Msikilizaji huyu yumo ndani ya daladala, redio inalia, wimbo umemkuna, mtangazaji ametaja jina mara moja na kwenda kwenye matangazo. Anatoa simu na kuandika alichosikia. Bango hajaliona, wala hajui kama jina lina o moja au mbili. Ninachotetea leo ni kwamba jina la kisanii hupimwa hapo, kwenye vidole vya mtu aliyelisikia mara moja. Ukali wake, maana yake na namna linavyopendeza kwenye fulana ni mambo ya baadaye.

Wapo walioumizwa na majina yaliyokwisha kuwa mali ya kila mtu. Uingereza kuna bendi ya Matt Johnson, iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1970, ambayo jina lake ni The The. Enzi za santuri hilo lilikuwa jina la kuchekesha na duka la muziki lilijua pa kuiweka. Leo neno hilo limo karibu katika kila ukurasa wa Kiingereza duniani. Nairobi kuna Just a Band, kundi lililovuma mwaka 2010 kwa video ya Ha-He na mhusika wake Makmende. Hebu fikirieni ni watu wangapi wanaandika maneno hayo matatu ya Kiingereza bila kuwawazia vijana wale. Mtu aliyemtafuta Makmende aliwapata upesi zaidi, kwa sababu Makmende ni mmoja.

Mtaniambia kwamba msanii Harmonize naye ametumia neno la kamusi na ametoboa. Ni kweli, lakini tuangalie limebebwa na nini. Injini ya kutafutia haisomi mawazo. Inabahatisha kwa kuangalia wengine walioandika neno lile walibonyeza nini, na aliyeandika yuko nchi gani. Msanii akishakuwa na mamilioni ya wasikilizaji, injini humjua hata jina lake likikosewa herufi. Chipukizi hana umaarufu wa namna hiyo wa kumbeba. Kwake neno la kamusi linabaki kuwa neno la kamusi, na ataonekana kwenye ukurasa wa saba, ambako hakuna anayefika.

Njia za kutoka hapo ni mbili: kupinda tahajia, au kuongeza neno la pili. Wanamuziki wa Glasgow waliojiita Chvrches waliweka v mahali pa u ili mtu anayewatafuta asiangukie kwenye makanisa ya kweli. Kwetu, Jua Cali wa Nairobi alifanya jambo la aina hiyo kwa herufi moja. Jua kali kwa k ni mafundi wa mabati wa Kamukunji, na siku hizi pia ni tamthilia ya televisheni ya Tanzania. Kwa c ni yeye. Marioo naye ameongeza o, na o hiyo inamtenganisha na Mario, yule fundi bomba wa michezo ya video ya Kijapani. Tatizo ni kwamba herufi iliyopindwa haisikiki. Mtangazaji akisema "Marioo", msikilizaji wetu wa kwenye daladala hana habari na o ya pili. Msanii anayepinda tahajia anajitwika kazi ya kuwafundisha watu kuandika jina lake, kazi inayotaka muda na fedha ya matangazo.

Ndiyo maana mimi naegemea upande wa neno la pili. Diamond peke yake ni almasi, na nyuma yake kuna maduka ya vito ya dunia nzima. Diamond Platnumz ni mtu mmoja, na hata ukikosea herufi za neno la pili, kule kuwa na maneno mawili pamoja kunatosha kukuonyesha njia. MwanaFA vilevile. Herufi FA peke yake zingekupeleka kwenye soka la England moja kwa moja, lakini "mwana" imelifanya jina liwe la Mswahili na liwe lake. Sauti Sol walichukua neno letu la kawaida kabisa, wakalipa mwenzi asiye wa kawaida. Majina haya matatu yanatamkika redioni bila mtangazaji kusimama kutaja herufi.

Hapa kuna faida ambayo wasanii wetu wengi wanaitupa. Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa. Jina kama Zuchu likisikika mara moja tu, mtoto wa darasa la tatu analiandika sawasawa. Ukienda kwenye Kiingereza chenye herufi bubu, au kwenye mtindo wa kuweka ph penye f na x penye ks, unaitupa faida hiyo. Hata ndani ya Kiswahili kuna mitego: wapo wanaobadilishana r na l, na wapo wanaoandika z penye dh na s penye th. Jina linalosimama juu ya herufi hizo litakuwa na sura mbili au tatu kwenye simu za watu. Namba nazo ni mtego. Rapa Joseph Mbilinyi amejulikana kama 2 Proud, Mr. II na Sugu. Hilo la kati mtu anaweza kuliandika kwa tarakimu, kwa herufi za Kirumi, au kwa matamshi. Sugu halina utata wa kuandika, na ndilo lililomfuata hadi bungeni.

Wazee wa dansi na taarabu hawakuwa na mtandao wa kuwasumbua, lakini kazi zao ziko mtandaoni sasa na majina yao yanazitawanya. Klabu ya Ikhwani Safaa ya Unguja, iliyoanzishwa mwaka 1905, inaandikwa Ikhwan, Ikhwani, Akhwan, na Safa kwa a moja au mbili. Anayeitafuta anakaribishwa kwanza na wanafalsafa wa Basra wa karne ya 10 wenye jina lile lile. Mbaraka Mwinshehe ana tahajia kadhaa kwenye kava za santuri. Kisa kizito kuliko vyote ni cha NUTA Jazz. Bendi ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, na chama kilipobadilika na yenyewe ikabadilika: ikawa JUWATA Jazz, ikawa OTTU Jazz, hatimaye Msondo Ngoma. Kijana anayesikiliza Msondo leo akitaka kurudi nyuma hadi miaka ya 1960 hana uzi wa kushika, asipokuwa na mzee wa kumwambia kwamba hao wote ni watu walewale. Na akija upande wa Kenya atakutana na Simba Wanyika, Les Wanyika na Super Wanyika Stars, wenye undugu wa kweli lakini wenye kurasa zinazochanganywa kila siku.

Sasa upande wa utendaji. Kabla ya kutoa singo ya kwanza, mwambie jina lako kwa simu mtu asiyekujua kama msanii, kisha umwombe aliandike na akutumie. Rudia kwa watu wa rika na mikoa tofauti, akiwamo mmoja asiyependa muziki. Wakiandika vitu tofauti, jina halijaiva. Kisha lisake lenyewe kwenye Google, YouTube, Spotify, Boomplay na Audiomack, ukitumia simu isiyo yako, kwa sababu simu yako imekwisha kukuzoea na itakudanganya. Ukimkuta mwenye jina hilo, hata kama yuko Brazil na ana wasikilizaji ishirini, liache. Kwenye majukwaa hayo wasanii wawili wenye jina moja huchanganywa kurasa. Wimbo wako unaingia kwake, wake wa injili unaingia kwako, na kuutoa ni barua juu ya barua na msambazaji. Mwaka 2012 bendi ya Marekani iliyoitwa One Direction ilizishtaki Syco na Sony Music, kampuni zilizokuwa nyuma ya wale vijana wa Uingereza na Ireland wenye jina hilo hilo. Mwisho wake Wamarekani ndio waliobadili jina, ingawa walidai kulitumia kwanza.

Jina likipita, fungua akaunti zote siku moja, kwa maandishi yale yale, bila nukta na vistari vya chini. Ukiwa Tanzania, nenda nalo BASATA kwenye usajili wa wasanii, COSOTA kwenye hakimiliki na, ukiwa na nia ya biashara, BRELA kwenye usajili wa majina ya biashara, likiwa limeandikwa hivyo hivyo hadi herufi kubwa na ndogo. Mwambie na prodyuza wako pia, maana faili likitoka studio na jina lililokosewa, kosa hilo litasafiri nalo kila jukwaa. Kwenye kolabo, mwandikie mwenzako jina lako kwa meseji. Usimtajie kwa mdomo.

Mwishoni niseme na wenye majina mabaya tayari, ambao najua wapo humu. Usilitupe jina lenye nyimbo na mashabiki. Liongezee. Rapa wa Nairobi aliyeitwa Rabbit, jina ambalo mtandaoni ni la sungura halisi, aliitwa pia Kaka Sungura, kisha akawa King Kaka, na "Kaka" ikabaki kama daraja kati ya hatua hizo. Ukiongeza neno, badilisha kila ukurasa ndani ya wiki moja, na acha jina la zamani kwenye maelezo ya chaneli na ya kila video kwa miaka kadhaa, kwa sababu yupo mtu Muscat au Bujumbura ambaye bado analiandika lile la kwanza.