Yatima wa Kwenye Katoni

(Mada iliyotolewa mbele ya vijana baada ya sala ya Alasiri, katika mwezi wa Ramadhan. Imeandikwa upya kwa ajili ya wasomaji.)



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.T.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu yangu msomaji, nianze na swali tulilokuwa tukiulizwa madrasa na sote tukalikosea. Yatima ni nani? Tulijibu kwa sauti moja: ni mtoto aliyefiwa na wazazi. Ustadh akacheka. Akatufundisha kwamba katika Kiarabu yatima wa binadamu ni mtoto aliyefiwa na babake kabla ya kubaleghe, ama yatima wa mnyama ni yule aliyefiwa na mamake. Kwa nini? Kwa sababu kwa binadamu baba ndiye mwenye wajibu wa kulisha, na kwa mnyama chakula chote chatoka kwa mama. Nilikuwa na miaka kumi hivi. Nikaliandika katika daftari, nikalisahau. Likaja kunirudia mwaka jana, katika mwezi kama huu, nimeinama nyuma ya duka nikitazama ndani ya katoni.

Likizo ya chuo nilikuwa nimepata kibarua katika duka la leso hapa Mombasa, upande wa Biashara Street. Anayeujua mtaa ule anajua Ramadhan inavyokuwa, hasa kumi la mwisho, hata pa kuweka mguu hapana. Tulikuwa wanne: mimi, mama mmoja mtu mzima aliyeanza kuuza leso kabla mimi sijazaliwa, kijana wa kaunta anayehesabu pesa, na hamali wetu, Mgiriama wa Kilifi. Tajiri mwenyewe akija jioni tu.

Siku ya tano ya mfungo, paka mmoja aliyezoea kulala uchochoroni aligongwa na tuktuk. Kesho yake asubuhi tukasikia vilio nyuma ya marobota. Walikuwa wawili, macho yamefunguka, wakijaribu kutembea na kuanguka. Daktari wa mifugo baadaye aliniambia walikuwa na wiki tatu hivi, kwani macho yao hufunguka baina ya siku ya saba na ya kumi na nne.

Hapo ndipo fitina ilipoanza, Mungu atusamehe. Kijana wa kaunta akasema watolewe, ni najisi, watatuharibia sala zetu na nguo za watu. Mama akasema, "Waache waende zao, Mola wao yupo." Hamali alinyamaza, akaendelea na kazi yake.

Neno la mama lilinikaa kwa sababu ni neno la mtu mwema. Lakini nikaikumbuka ile hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim, ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka. Sote twaijua. Alimfungia ndani, hakumlisha wala hakumwachilia ajitafutie wadudu wa ardhini. Itazame vizuri utaona njia mbili za kuokoka: kulisha, au kuachilia. Sasa wa wiki tatu, asiyeweza kulamba wala kuwinda, na ambaye hata haja yake hawezi kuitoa bila kusaidiwa, huyo ukimwachilia umemwachilia aende wapi? Kwangu mimi iliyobaki ilikuwa njia moja tu. Nikawatia kwenye katoni.

Na hapa nataka nikuhadithie makosa yangu bila kuyaficha, huenda yakamfaa mtu. Nilinunua pakiti ya maziwa ya ng'ombe. Nikapata duka la dawa bomba dogo la sindano lisilo na sindano. Nikamchukua mmoja, nikamlaza chali mapajani kama tunavyowalaza watoto wetu, nikamtilia maziwa mdomoni. Yakamtoka puani. Nikamfuta, nikaendelea, nami najiona nafanya ibada. Usiku akaanza kupumua kwa kukoroma, na kesho yake kabla ya adhana ya Adhuhuri alikuwa ameshakufa.

Daktari wa mifugo hakunigombeza, akanieleza tu. Mtoto wa paka hunyonya akiwa amelala kwa tumbo, kichwa kimeinuka kidogo. Ukimlaza chali maziwa huingia mapafuni. Maziwa ya ng'ombe nayo humharisha, na mwili mdogo kama ule hukauka maji upesi. Yako maziwa ya unga yaliyotengenezwa kwa watoto wa paka. Kila akila, chukua pamba iliyoloweshwa maji ya uvuguvugu umpanguse chini taratibu ndipo apate kwenda haja, kwani mamake humfanyia hivyo kwa ulimi mpaka wiki ya tatu au ya nne. Mpime kwa mizani ya jikoni: akiongeza gramu 10 hadi 15 kwa siku ujue yuwaendelea vizuri. Na unawe mikono kwa sabuni kila mara. Mwenye mimba asiguse kinyesi cha paka, kwa sababu ya ugonjwa wa toksoplasmosi unaoweza kumdhuru mtoto tumboni.

Aliyemzika yule mmoja ni hamali. Hakusema kitu. Aliporudi akamshika aliyebaki, akasema, "Dada, huyu ana baridi. Hata mwana mbuzi akiwa na baridi hapewi maziwa, hupashwa moto kwanza." Akajaza maji moto katika chupa, akaizungushia kipande cha leso chakavu, akaiweka ndani ya katoni. Nilipomuuliza daktari akasema ni kweli kabisa, tumbo lililopoa halisagi chakula.

Sasa usidhani kwamba hamali alikuwa upande wangu. Siku niliporudi na kopo la maziwa ya unga aliniuliza, kwa upole, pesa zile zingetosha unga wa siku ngapi nyumbani kwake. Wallahi sikuwa na jibu. Tumezoea kusema kumhurumia mnyama hakupunguzi kumhurumia mtu. Ni sawa, lakini inategemea pesa zimetoka mfuko gani. Usiku ule nikakaa nikahesabu. Nilichokuwa nampa mama yangu sikukigusa, na sadaka yangu ndogo ya Ramadhan sikuigusa. Nikakata bando za simu na viazi karai tunavyokula na wenzangu tukitoka Taraweh. Sitaki kujisifu, viazi karai si jihadi. Lakini lile swali lisingeulizwa, ningekata pale palipo rahisi, na palipo rahisi huwa ni haki ya mtu mwengine.

Ama kijana wa kaunta, yeye alikuwa na mambo mawili. La kwanza alinibandika jina, "Mama Paka," na wateja wakalidaka. Hili halikuniuma sana, kwa sababu aliyeniita hivyo hakujua ameniweka karibu na nani. Abu Hurayra (R.A.), aliyepokea hadithi nyingi kuliko sahaba mwengine yeyote, kunia yake maana yake ni baba wa kipaka. Imepokewa katika Tirmidhi kwamba alikuwa akichunga mifugo ya kwao, naye ana kipaka chake, usiku akikiweka mtini na mchana akienda nacho machungani. Yaani na yeye alikwenda na paka kazini!

La pili ni la najisi, na hapa nami niliteleza. Kwa pupa ya kumshinda nikamtolea ile hadithi maarufu ya Mtume (S.A.W.) kukata mkono wa kanzu yake ili asimwamshe paka aliyelala juu yake. Akaniuliza, "Iko katika kitabu gani?" Nikatafuta, nikamuuliza na ustadh wangu. Haimo katika vitabu vya hadithi vinavyotegemewa. Ikabidi nirudi kaunta, mbele ya wateja, niseme nilisema nisilolijua. Hata kwa jambo jema, Mtume hasingiziwi neno.

Lenye asili ni hili: Abu Qatada (R.A.) alitengewa maji ya udhu, akaja paka, naye akamwinamishia chombo anywe. Mke wa mwanawe alipostaajabu, akamweleza kwamba Mtume (S.A.W.) alisema paka si najisi, bali ni miongoni mwa wanaotuzungukazunguka majumbani. Imo katika Abu Dawud, Tirmidhi na wengineo. Lakini mwenzangu naye hakuwa mtupu. Mkojo na kinyesi cha paka ni najisi, hilo halina ubishi. Na katika madhehebu yetu ya Shafi, nywele zikishamtoka mnyama asiyeliwa zinahesabiwa najisi, ila chache zasamehewa. Basi nikaleta leso moja kuukuu ya kulishia, nikawa naivua kabla ya kusali, na katoni ikahamishwa mbali na marobota. Ukiwa na shaka katika haya muulize ustadh wako, usitosheke na maneno ya mwanafunzi.

Nimeyataja haya upesi kwa sababu lililonikata maini ni jengine. Mtoto wa wiki tatu hula kila baada ya saa tatu au nne. Mimi nilikuwa nikimlisha kila akilia. Nikiacha wateja nakwenda nyuma, nachemsha maji, nakoroga, nampangusa, narudi baada ya nusu saa. Siku moja mteja mmoja, bibi arusi mtarajiwa na nduguze, alikuwa ameshachagua doti sita za leso. Akaningoja. Sikutokea, wakaenda duka la pili.

Mama hakunipigia kelele. Alingoja duka litulie, akaniita kando, akaniambia: "Mwanangu, thawabu hizi unazozichuma, saa zake zalipwa na nani?"

Nilikuwa tayari kwa kila hoja, hiyo sikuwa nayo. Mimi niliyekuwa nikiwaona wenzangu kuwa na mioyo migumu, nilikuwa nikimlisha yatima kwa mali ya mtu bila idhini yake. Nikaikumbuka hadithi ya yule aliyemnywesha mbwa mwenye kiu. Tangu utotoni nilikuwa nikimtazama mbwa tu, siku hiyo nikamtazama yule mtu. Alikuwa safarini, kiu imemshika. Akateremka kisimani, akanywa, akapanda, akamkuta mbwa analamba udongo kwa kiu. Akateremka tena. Akajaza maji katika kiatu chake, akakishika kwa meno apate kupanda. Safari yake, kiatu chake, meno yake. Hakuna aliyepungukiwa na kitu isipokuwa yeye, na Mwenyezi Mungu akamsamehe.

Jioni tajiri alipokuja nikamweleza yote, pamoja na zile doti sita. Nilitaraji kufukuzwa. Alininyamazia kwa muda mrefu, kisha akasema niendelee, ila si katika saa za wateja. Basi sala zikanipangia ratiba. Nikawa namlisha nikishakula daku, kisha kabla ya kufungua duka, kisha mapumziko ya Adhuhuri, ya Alasiri, baada ya kufuturu, na nikitoka Taraweh. Ukihesabu utaona hapana pengo kubwa ila la usiku, na usiku nikiamka. Jioni duka likifungwa kwa ajili ya futari, nikawa nabaki nyuma kukunja leso zilizofunguliwa na wateja mchana kutwa, mpaka adhana ikikaribia. Sijui kama zilifidia doti sita. Sikuuliza.

Alipotimiza wiki nne nikaanza kumpa chakula laini kilichorowekwa. Daktari akampa dawa ya minyoo. Mama akaanza kuuliza kila asubuhi, kabla hata ya kuvua buibui, "Mjukuu wetu ameamkaje?" Nikaona nisimkumbushe alisema nini siku ya kwanza.

Idd ilipopita chuo kilikuwa karibu kufunguliwa, na nyumbani kwetu mama hataki paka. Nilikuwa nimeshakata tamaa ndipo hamali akasema atampeleka kwao Kilifi, panya wanamaliza mahindi ghalani. Alikuwa na madoa kama gome la mti, na hamali akapenda kumtania, "Huyu ni khadzonzo wa mjini." Khadzonzo ni jina la Kigiriama la wale paka wa msitu wa Arabuko-Sokoke. Mwaka 1978 mama mmoja aitwaye Jeni Slater aliwakuta watoto wao shambani kwake karibu na msitu, akawalea. Leo ukoo wao wafugwa hata Ulaya na Marekani kwa jina la Sokoke. Wetu hakuwa wa ukoo huo, alikuwa paka wa uchochoroni tu.

Aliondoka katika katoni ile ile, tumeitoboa matundu ya hewa. Kijana wa kaunta alikuwa akitoka kwenda kusali. Akakusanya kanzu yake asimguse, kama ada yake, akapita. Alipofika mlangoni akageuka, akamuuliza hamali kama amebeba maji ya njiani.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.