Daktari Hasafiri Peke Yake

Hotuba kwa Usharika wa Cheyo katika maadhimisho ya miaka mia moja



Awali ya yote namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujalia kuifikia siku hii. Nawashukuru pia wazee wetu kwa kuniita mimi, mtoto wa Cheyo, niseme machache juu ya safari ya daktari kuupata ubingwa. Niliombwa kueleza habari za masomo. Lakini nikiyaeleza masomo nisiueleze mzigo wake, nitakuwa nimewaficha nusu ya habari.

Daktari aliyengoja Kwihara

Hapo Kwihara, jirani na mji wetu, lipo lile tembe alimokaa Dk. David Livingstone. Wengi humkumbuka kuwa mmisionari na msafiri. Wachache hukumbuka kwamba alikuwa tabibu, aliyepata hati yake ya udaktari huko Glasgow mwaka 1840. Alifika Kwihara mwezi Februari 1872 pamoja na Henry Morton Stanley. Mwezi Machi Stanley akashika njia ya pwani, akamwahidi kumpelekea wapagazi. Livingstone akakaa akingoja hadi mwezi Agosti. Elimu alikuwa nayo, nia alikuwa nayo. Alichokikosa ni watu wa kumbebea mizigo, na bila hao hakuweza kwenda mbele.

Babu zetu waliijua kanuni hiyo. Mpagazi wa Kinyamwezi alichukua kadiri ya frasila mbili begani, lakini hakuwa peke yake. Nyumbani walibaki watu wakilitunza shamba lake. Mbele yake alitangulia kirangozi aliyevijua vituo. Na posho ilipangwa kabla msafara haujaondoka. Naomba tuishike picha hiyo, maana ndiyo nitakayoitumia hadi mwisho.

Ngazi za masomo

Kijana anayetaka udaktari husoma chuoni miaka mitano. Kisha hufanya kazi mwaka mmoja hospitalini chini ya uangalizi, ndipo husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Huyo ni daktari kamili, tena ndiye anayetibu wengi wetu. Ubingwa ni safari ya pili: shahada ya uzamili ya tiba, inayochukua miaka mitatu au minne kwa kadiri ya chuo na fani.

Mwombaji wa safari hiyo hutazamwa kwa mambo kadhaa: alama zake za shahada ya kwanza, na hasa katika fani anayoiomba, hati ya kumaliza mwaka wa mazoezi, usajili wake, na watu wa kumshuhudia. Aliyeajiriwa huhitaji pia ruhusa ya mwajiri. Nafasi ni chache, na sababu yake si ugumu wa moyo wa wakuu wa vyuo. Ubingwa haufundishwi kwa kuongeza viti darasani. Hufundishwa kando ya kitanda cha mgonjwa na katika chumba cha upasuaji, mkono wa mwalimu ukiwa karibu na mkono wa mwanafunzi. Mwalimu mmoja hawezi kuwashika mikono watu hamsini.

Akiisha kupokelewa, hupita wodini kila asubuhi, hushika zamu za usiku, hufanya utafiti na kuutetea mbele ya walimu, na mwisho hutahiniwa mbele ya wagonjwa halisi. Hapo ndipo penye jambo wasilolijua wengi. Nchini Uingereza na Marekani, daktari anayesomea ubingwa huwa mwajiriwa wa hospitali na hulipwa mshahara. Kwetu huhesabiwa kuwa mwanafunzi. Anafanya zamu, naye anadaiwa ada. Asiyekuwa na mwajiri wa kumlipa mshahara, wala mfadhili wa kumlipia ada, barua yake ya kupokelewa hubaki kuwa karatasi.

Kanisa limo katika habari hii

Mafunzo ya udaktari nchini yalianza Dar es Salaam mwaka 1963, katika shule iliyokuja kuwa Chuo Kikuu cha Muhimbili. Kabla ya hapo vijana wa Tanganyika walikwenda Makerere, Uganda. Mwaka 1971 zilifunguliwa hospitali mbili kubwa kwa juhudi za makanisa: Bugando kule Mwanza, ya ndugu zetu Wakatoliki, na KCMC kule Moshi, chini ya Shirika la Msamaria Mwema, ambamo sisi Walutheri tumo. Kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilianza pale Moshi mwaka 1992, na hutengenezwa huko mafuta ya kuwakinga jua ndugu zetu wenye ualbino. Mwaka 1997 kikaanza chuo cha udaktari, kikiwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Tumaini. Leo kinaitwa Chuo Kikuu cha KCMC.

Basi ndugu zangu, nyumba ya mafunzo Kanisa limekwisha kuijenga. Swali langu ni hili: je, mtoto wa Cheyo ataifikiaje?

Naomba nikiri mbele yenu

Mara ya kwanza nilipoomba masomo ya upasuaji wa mifupa nilipokelewa. Nilifurahi siku mbili. Mwajiri wangu wa wakati ule alinijibu kwamba fungu la masomo limekwisha, na mimi nilikuwa na wadogo zangu wa kusomesha. Nafasi ile ikapotea. Mara ya pili nilipata ruhusa na mshahara, nikapanda basi la kupitia Nzega na Singida kwenda Moshi. Mama yangu nilimwacha hapa akiwa mgonjwa wa shinikizo la damu. Akina mama wa usharika huu walimpeleka Kitete kila tarehe yake ya kliniki, kwa miaka minne, wala hakuna aliyenidai shilingi. Wao ndio waliolilima shamba langu. Bila wao ningerudi mwaka wa kwanza.

Sasa nakiri lililo gumu zaidi. Baada ya kuhitimu sikukaa Tabora. Kituo nilichorudi kilikuwa na kitanda cha upasuaji, lakini hakikuwa na vyuma vya kuunga mifupa, na mtaalamu wa usingizi alikuwa mmoja tu kwa kazi zote. Vijana waliovunjika miguu kwa pikipiki niliwaandikia rufaa ya kwenda mbali, kama nilivyokuwa nikifanya kabla ya kusoma. Nilivumilia mwaka mmoja, nikaondoka. Kila ninapokuja likizo, watu wa nyumbani huniuliza nitarudi lini, nami sina jibu linaloniridhisha. Sehemu ya lawama ni yangu. Lakini wenye hofu kwamba tukimsomesha hatarudi, nawaomba wajiulize pia: akirudi, atafanya kazi kwa kifaa gani?

Mfano wa Karema

Nitawatajia mtu mmoja. Adrian Atiman alizaliwa Afrika Magharibi, akatekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na Mapadri Weupe. Walimsomesha udaktari Malta, na mwaka 1889 alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Alitibu watu huko hadi alipofariki mwaka 1956, zaidi ya miaka 60. Waliomsomesha walijua tangu mwanzo anakwenda wapi na kufanya nini, na kule alikokwenda palikuwa na watu waliokuwa wakimngojea.

Ombi langu

Naomba mambo matatu. Kwanza, usharika uwe na mfuko wa masomo ya ubingwa, hata kama utaanza kwa sadaka ya mavuno ya mwaka mmoja, na kijana apewe jibu kabla hajaomba nafasi, si baada ya kupokelewa. Pili, fani ichaguliwe kwa kushauriana na hospitali atakayorudi kuitumikia, na makubaliano yaandikwe: yeye ataitumikia miaka mingapi, nayo itamwandalia nini. Tatu, wakati yeye anasoma Moshi, Mwanza au Dar es Salaam, dayosisi na wadau watafute vifaa na wampeleke muuguzi mmoja kusomea usingizi, ili wakutane kazini.

Yule Msamaria wa Injili ya Luka hakuishia kumfunga mgonjwa jeraha. Alimlipa mwenye nyumba ya wageni, akaahidi kulipa lililozidi atakaporudi. Huruma yake ilikuwa na hesabu ndani yake.

Nami nimekuja na sehemu yangu. Leo naweka sadaka ya kwanza katika mfuko huo. Nawaahidi pia, mbele ya Baba Askofu, kwamba siku vyuma na mtaalamu wa pili wa usingizi vitakapopatikana hapa, msinitafute mbali. Niiteni, nitakuja.

Mungu aubariki Usharika wa Cheyo.