Fyuzi Iliyokatika Si Adui: Maneno Juu ya Shoti ya Taa za Lori

Tumeombwa na tawi tuseme machache juu ya shoti katika taa za lori. Labda wengine watauliza, mambo ya mafundi yana nini na chama? Subirini kidogo. Maisha yetu yamo ndani yake, na mshahara wetu pia.

Nyote mnajua lori linalochukua genge kwenda njiani kabla ya alfajiri. Watu wameketi nyuma pamoja na nyundo na mitaimbo. Taa za nyuma zikizimika, mwenye kuja kwa mbio nyuma yetu haoni kitu. Katika kituo kimoja fyuzi ya taa za nyuma ilikatika mara tatu kwa juma moja. Dereva akaambiwa aizungushie karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Tena akaambiwa kwamba waya zikiungua, gharama itakatwa katika mshahara wake. Mambo hayo mawili ndiyo tutakayojibu leo.

Kwanza, shoti ni nini? Stima hutoka katika betri, hupita katika fyuzi na swichi, huenda kwenye balbu, kisha hurudi betrini kwa njia ya chuma cha gari. Balbu ndiyo inayofanya kazi, nayo huzuia stima isipite nyingi. Balbu ya breki ya wati 21 katika gari la volti 12 huchukua ampea 1.75 tu. Lakini waya ukichubuka na kugusa chuma kabla ya kufika kwenye balbu, stima imepata njia ya mkato. Haikuti kizuizi, na betri yaweza kutoa mamia ya ampea mara moja. Waya huwa mwekundu, mpira wake huyeyuka, na moto huanza.

Hapo ndipo fyuzi hukatika kwa ajili yetu. Imetengenezwa iwe ya kwanza kukatika, ili waya upone. Mwenye kuweka karatasi, msumari, au fyuzi kubwa kuliko ile iliyoandikwa, amemfunga mlinzi mikono. Kitakachoungua sasa ni waya wenyewe, pengine chini ya watu walioketi.

Sisi watu wa reli twaelewa jambo hili. Katika reli za nchi nyingi stima ndogo hupitishwa katika vyuma viwili vya njia. Gari moshi likiingia, magurudumu na ekseli huunganisha vyuma hivyo, na signali huonyesha nyekundu. Hakuna dereva anayefunika signali nyekundu kwa gunia akaendelea na safari. Basi fyuzi iliyokatika ni signali nyekundu.

Pili, shoti hutafutwaje? Msichome boksi zima la fyuzi kwa kujaribu. Fuateni njia hii.

1. Ulizeni fyuzi hukatika wakati gani. Ikikatika mara taa zikiwashwa, tazameni njia ya taa ndogo. Ikikatika breki ikikanyagwa, tazameni taa za breki. Ikikatika penye mashimo tu, kuna waya unaogusa na kuachia.

2. Zimeni swichi, toeni fyuzi. Mahali pake fungeni balbu ya majaribio ya wati 21, ya volti zile zile za gari, kwa waya mbili. Kisha washeni. Ikiwaka kwa nguvu zote, shoti ipo. Ikiwaka hafifu, huenda ni stima inayopita katika balbu nyingine tu. Balbu hii huzuia stima, kwa hivyo mwaweza kutafuta bila kuunguza waya.

3. Toeni balbu za njia hiyo moja moja. Taa za LED zisizotolewa balbu, chomoeni plagi zake. Ile ambayo ikitolewa taa ya majaribio huzimika, hapo ndipo penye kosa.

4. Zikitolewa zote na taa bado inawaka kwa nguvu, kosa ni la waya. Chomoeni plagi ya tela kwanza, kisha maungio mengine, sehemu kwa sehemu. Sehemu inayozima taa ndiyo yenye shoti.

5. Sasa fuateni waya huo kwa mkono, mkiutikisa. Taa ikipepesa, mko karibu. Tazameni penye tundu la chesi lisilo na mpira, chini ya bolti, karibu na ekzosi, na nyuma ya taa iliyogongwa.

6. Kabla ya kukata waya, fungueni betri, upande wa hasi kwanza. Ungeni vizuri, vikeni utepe, tieni mpira katika tundu, na rudisheni fyuzi ya kipimo chake.

Tatu, mshahara. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yaruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika kwa kosa la makusudi la mfanya kazi. Waya uliochubuka kwa mtikisiko wa njia si makusudi ya mtu. Lakini mwenye kutia msumari huku akijua, amempa mwajiri neno la kusema. Tena Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yatuagiza kumwarifu msimamizi tukiona hatari kubwa, na mpaka hatari iondolewe, mwajiri asitutake kuirudia kazi hiyo.

Kwa hivyo andikeni kosa katika kitabu cha lori, na tarehe na saa, mtie sahihi. Nakala mpeni mwakilishi wa chama.

Dereva yule hakukubali karatasi ya sigara. Aliandika. Fundi akatafuta kwa njia hii, akaona waya umechubuka penye tundu la chesi. Dawa yake ilikuwa utepe na kipande cha mpira. Mshahara haukukatwa, na genge lilipanda lori lenye taa.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta.