Kijana wa Kusoma Biashara Achague Chuo Gani?

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi, wazazi, na vijana waliomaliza kidato cha sita, Kahama)



Wiki iliyopita mzee mmoja aliingia ofisini petu na barua mbili mkononi. Zote mbili zilikuwa za kijana wake, kwamba amekubaliwa kusoma shahada ya biashara. Moja ilitoka chuo cha Mwanza, ya pili ilitoka chuo cha Dar es Salaam. Kijana alikuwa amekwisha kumwonyesha baba yake, katika simu, orodha ya vyuo vilivyopangwa kwa nafasi, hiki cha ngapi na kile cha ngapi, akasema, "Baba, cha Dar kiko juu." Mzee akaniuliza, "Mwalimu, niuze ng'ombe wanne kwa sababu ya tarakimu?" Siku ile sikumjibu. Nilimwomba aje leo, naye yupo, amekaa pale chini ya mwembe. Basi haya ninayoyasema ni majibu yake, na nyote myasikie.

Kwanza tujiulize biashara tunasomea nini. Wazee wetu wametusimulia habari za mizani ya pamba. Miaka ya mwanzo ya 1950 mkulima wa Usukuma alikuwa akifika sokoni na mzigo wake, mnunuzi anaupandisha katika mizani, anasoma mwenyewe, anaandika mwenyewe, halafu anampa mkulima senti anazoona yeye zinatosha. Watu wakachoka kuibiwa. Wakaweka waangalizi wao wenyewe wasimame kando ya mizani na kuisoma. Ushirika wa Kanda ya Ziwa ulizaliwa katika jambo dogo hilo, kusoma mizani.

Ndugu Paul Bomani, aliyekuwa mbele katika kazi ile, alikwenda Uingereza mwaka 1953 kusoma. Hakwenda Oxford. Alikwenda chuo cha ushirika cha Loughborough, chuo cha watu wa maduka ya ushirika, akajifunza vitabu vya hesabu na uendeshaji wa vyama. Aliporudi, mwaka 1955 ukaundwa muungano wa vyama vya Victoria, Mwanza, na kabla nchi haijapata Uhuru muungano huo ulikuwa umeshika biashara ya pamba ya Jimbo la Ziwa. Mwaka 1962 Bomani akawa Waziri wa Fedha. Sijapata kusikia mtu aliyemwuliza Loughborough ni ya ngapi.

Lakini nisiwafiche upande wa pili. Ushirika ule ulikua upesi kuliko makarani wake. Mwaka 1966 iliundwa tume ya kuchunguza vyama vya ushirika nchini, nayo ikakuta upungufu wa watu wenye ujuzi, wizi, na watu kupeana kazi kwa udugu. Mkulima aliyekuwa ameibiwa na mizani ya mgeni sasa aliibiwa na kitabu cha ndugu yake. Hilo nalo tulikumbuke tunapozungumza juu ya elimu ya biashara.

Leo pamba ipo, lakini kelele zote ni za dhahabu. Geita mgodi mkubwa ulianza mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001, na Buzwagi, hapa mlangoni petu, ukafunguliwa mwaka 2009, ukafunga uchimbaji mwaka 2021. Mnakumbuka ugomvi wa makinikia, mwaka 2017. Kamati ya kwanza, ya Profesa Mruma, ilipima mchanga uliokuwa ndani ya makontena. Kamati ya pili, ya Profesa Osoro, ilikuwa ya wachumi na wanasheria, nayo ilipima karatasi. Kampuni ilizikataa hesabu zile, mazungumzo yakaendelea mpaka Januari 2020 makubaliano yakatiwa saini, nayo Serikali ikapata hisa za asilimia 16 katika kampuni ya Twiga. Uamue mwenyewe nani alikuwa na haki. Mimi nasema hivi tu: ugomvi mzima ulikuwa wa vitabu. Kilichotoka ni kiasi gani, kimeuzwa bei gani, kimekatwa gharama zipi.

Tena si mambo ya wakubwa peke yao. Halmashauri inatoza ushuru wa huduma, asilimia fulani ya mauzo. Asilimia ya nini? Ya mauzo yaliyotajwa na mwenye mgodi. Nani pale halmashauri anaweza kukaa na vitabu vile siku tatu na kusema, "Hapa pana shimo"? Na kule kwenye maduara yetu, mwenye leseni, mwenye duara, mfadhili aliyetoa chakula na mafuta, na vijana walioingia chini, wote wanagawana viroba vya mawe kwa kukumbuka kichwani. Mfadhili ndiye mwenye daftari, kwa hiyo kumbukumbu yake ndiyo inayoshinda. Mwaka 2019 Serikali ilimfutia mchimbaji mdogo kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5, na mwaka huo huo soko la madini likafunguliwa Geita. Hatua njema kabisa. Lakini benki haimkopeshi mtu kwa sababu soko limefunguliwa. Inataka kuona vitabu vya mwaka mzima.

Basi, vijana, huyo ndiye mtu tunayemhitaji: asomaye mizani, aandikaye kitabu, naye asiibe. Sasa tuitazame orodha tuone kama inamtafuta mtu huyo.

Orodha moja ambayo magazeti yetu huipenda hutengenezwa Madrid, Hispania, na jina lake ni Webometrics. Ilianza mwaka 2004. Sehemu kubwa ya alama zake hutokana na tovuti ya chuo, yaani ni tovuti ngapi nyingine zinaielekea, na sehemu nyingine hutokana na maandiko ya utafiti ya walimu wake. Hakuna aliyeingia darasani kuona kama mwalimu wa hesabu amekuja. Orodha nyingine hutolewa London na jarida la Times Higher Education. Katika hiyo chuo chetu cha Muhimbili kimewahi kushika nafasi ya kwanza nchini. Nami nafurahi, maana utafiti wao wa maradhi ni mkubwa. Lakini Muhimbili ni chuo cha waganga! Kijana anayetaka biashara akiifuata orodha bila kuuliza, atajikuta anapima damu.

Hapo ndipo watu wengi wanapokosea. Orodha hizo hupanga chuo kizima. Utafiti wa malaria hukipandisha chuo, na mwanafunzi wa biashara wa chuo hicho hapati hata chaki moja zaidi.

Wako watakaosema kwamba zipo orodha za shule za biashara peke yake. Ni kweli, Marekani zipo nyingi. Katika mji wa Philadelphia kuna Chuo Kikuu cha Temple, na shule yake ya biashara ilishika nafasi ya kwanza miaka minne mfululizo, 2015 mpaka 2018, kwa shahada ya pili inayofundishwa kwa intaneti. Baadaye ikajulikana kwamba shule ilikuwa ikipeleka takwimu za uongo, ikidai wanafunzi wote wamefanya mtihani wa kuingilia, kumbe waliofanya ni sehemu ndogo. Mkuu wa shule hiyo, Moshe Porat, alipatikana na hatia mwaka 2021, na mwaka 2022 akahukumiwa kifungo cha miezi 14. Shule inayofundisha watu kuandika hesabu za kweli! Waliouza ng'ombe wao wa Kimarekani kwa ajili ya nafasi ile ya kwanza, waliuza kwa mizani mbovu.

Sitaki lakini kuwadanganya kwamba jina la chuo halina kazi. Lina kazi. Ukipeleka barua kwenye kampuni kubwa ya Dar es Salaam, yule anayezifungua anavijua vyuo vitatu au vinne, na cha kwako kikiwamo barua yako haitupwi upesi. Na ukitaka kwenda ng'ambo, orodha hukusubiri mlangoni. Mwaka 2022 Uingereza ilianzisha viza kwa wahitimu wa vyuo vilivyo juu kabisa duniani, na katika orodha yake ya kwanza hakikuwamo chuo hata kimoja cha Afrika. Kwa hiyo kama safari yako ni hiyo, orodha itazame. Lakini jua kwamba tofauti ya nafasi kati ya Mwanza na Dar haitakufungulia mlango ule.

Orodha ya kuiogopa ni nyingine, ile ya Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Hiyo haisemi nani wa kwanza. Inasema ni chuo gani na ni masomo gani yanatambuliwa. Tume imewahi kuvifutia vyuo vibali, na anayepata taabu ni mwanafunzi. Hapo usibahatishe. Itazame kabla ya kulipa hata shilingi.

Kisha uliza juu ya mtihani wa uhasibu. Bodi ya NBAA, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1972, ina mtihani mmoja kwa nchi nzima. Aliyesoma Mlimani, aliyesoma Mzumbe, na aliyesoma Nyegezi wanakaa mbele ya karatasi ile ile, na karatasi haiulizi ulitoka wapi. Kiulize chuo: shahada hii itaniondolea ngazi zipi za mtihani wa Bodi? Wahitimu wenu wanapita? Mkuu wa idara asiyeweza kujibu swali hilo amekwisha kukujibu.

Uliza na mafunzo ya vitendo. Mwanafunzi anapelekwa wapi? Kuna wanaotumwa kuchemsha chai ofisini wiki nane, wakapigiwa muhuri. Anayesoma Mwanza anaweza kwenda Geita au Mwadui akakaa katika idara ya manunuzi, akaona zabuni zinavyopita tangu kanuni za mwaka 2018 zilipoitaka migodi kuwatanguliza Watanzania. Usisahau pia Kizumbi, pale Shinyanga, tawi la Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi. Vijana wetu hupita mbele yake ndani ya basi wakienda kutafuta vyuo mbali. Nendeni mkaulize wanafundisha nini na kwa ngazi gani.

Na tusione haya juu ya majengo madogo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam chenyewe kilianza Oktoba 1961 ndani ya jumba la TANU, mtaa wa Lumumba, na wanafunzi wachache wa sheria. Mzumbe ilianza mwaka 1953 kama shule ya makarani na watu wa serikali za mitaa.

Halafu fedha. Mkopo wa Serikali utakatwa asilimia 15 ya mshahara wako, umesoma chuo cha ngapi, makato ni yale yale. Ng'ombe wa baba yako hawana Bodi ya kuwarudisha.

Sasa mzee wangu. Nimezisoma barua zako tena. Vyuo vyote viwili vinatambuliwa, na shahada zote mbili ni za miaka mitatu. Kijana wako ameniambia mwenyewe kwamba anataka uhasibu na kwamba anataka kurudi huku. Chuo cha Mwanza kimejibu swali la Bodi kwa barua. Cha Dar bado. Kikijibu vizuri, na mkopo ukapatikana wa kutosha chumba na chakula, aende Dar, sitamzuia. Kama sivyo, aende Mwanza, nawe uuze ng'ombe mmoja tu, wa kumnunulia kompyuta na godoro. Jumamosi saa tatu nitakuwa ofisini. Wengine wenye barua kama hizi waje nazo, na vijana waje wenyewe, wasiwatume baba zao.