MOTA INAYOLIA INA NENO LA KUSEMA

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Sena, Kisiwa cha Mfangano)



Wengi wetu ni wazaliwa wa kisiwa hiki, lakini riziki yetu twaitafuta bara, viwandani. Leo tumeombwa tueleze habari ya mota ya servo, na kwa nini hulia na kutetemeka.

Mota hii si kama ile ya kinu cha posho, ambayo kazi yake ni kuzunguka tu. Mota ya servo hupewa amri: nenda hapa, simama hapa. Ina enkoda, ndiyo jicho la kuangalia imefika wapi. Draivu, yaani kisanduku kinachoiendesha, hulinganisha amri na mahali mota ilipo, kisha huisahihisha mara nyingi sana katika kila sekunde.

Mfano wake ni mshika usukani anayekwenda Mbita. Chombo kikipinda kidogo, mwenye utulivu hugusa usukani kidogo. Mwenye pupa huuvuta kwa nguvu. Chombo hupita njia, naye huuvuta tena upande wa pili. Abiria hutikisika, na safari haifupiki. Mota nayo ni hivyo. Ikiwekewa nguvu nyingi mno ya kusahihisha, hupita alama, hurudi, hupita tena, upesi hata sisi twasikia mlio.

Katika kiwanda kimoja tulichofanya kazi, mashini ya kufunga unga ililia hata mtu hakumsikia mwenzake. Msimamizi alitaka pakiti nyingi zaidi, basi fundi akaamriwa azidishe namba za draivu. Kelele zikaongezeka, bolti zikalegea, mwisho kiungo cha mota kikakatika. Tulipofungua tuliona mkanda ulikuwa umelegea tangu mwanzo. Namba hazikazi mkanda!

Kwa hiyo yafaa tufuate utaratibu huu:

1. Zima umeme na ufunge swichi kwa kufuli. Kagua mkanda, bolti, kiungo na beringi.

2. Andika namba zote za zamani kabla ya kugusa hata moja.

3. Kabla ya kuwasha, hakikisha watu wote wamekaa mbali na swichi ya kusimamisha i karibu, maana mota yaweza kuruka ghafula.

4. Anza na nguvu ndogo. Ongeza kwanza ile ya mwendo, kidogo kidogo. Mota ikianza kunguruma, rudi nyuma. Kisha fanya vivyo hivyo kwa ile ya mahali.

5. Kila chuma kina sauti yake ambayo kikiisikia hutetemeka. Ukibaki mlio mmoja mwembamba, tumia chujio la draivu kuiondoa sauti hiyo peke yake.

6. Lainisha kuanza na kusimama. Mstuko ni adui wa chuma.

Ndugu, kazi hii yataka saa kadhaa mashini ikiwa haitoi mali, na saa hizo hazimo mikononi mwa fundi. Hapo ndipo chama kinapohusika. Kanuni za Kenya za mwaka 2005 juu ya kelele kazini zakataza mfanyakazi kuwekwa katika kelele zinazozidi wastani wa desibeli 90 kwa saa 8. Zikipita 85, mwenye kiwanda ni lazima awe na mpango ulioandikwa wa kupunguza kelele na kulinda masikio. Vizibo vya masikio ni vyema, lakini havitengenezi mashini.

Mkanda uliokatika hununuliwa dukani. Sikio lililokufa kwa kelele halirudi. Basi mashini ikilia, tusiizoee. Mwakilishi wetu aandike siku na saa, aombe kelele zipimwe, na adai muda wa kuitengeneza. Tusikubali pakiti za ziada zilipwe kwa masikio yetu.