KUTAYARISHA HESABU ZA TAWI KABLA YA MWISHO WA MWAKA

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi la Voi, mwezi wa Novemba)



Kamati imeniomba niseme juu ya hesabu na taarifa ambazo chama hupeleka Serikalini kila mwaka. Najua wengi mlitumaini kusikia habari za mishahara. Habari hizo zimo humu humu, subirini kidogo.

Kila chama cha wafanya kazi kilichoandikishwa katika Kenya hutakiwa na sheria kupeleka kwa Msajili wa Vyama hesabu zilizokaguliwa, pamoja na taarifa ya wanachama na viongozi wake. Makao makuu ndiyo yanayopeleka, lakini hayana hesabu nyingine ila zile zitokazo matawini. Mwaka wetu wa hesabu hufungwa tarehe 31 Desemba. Tawi moja likichelewa, chama kizima kimechelewa.

Wengine husema hiyo ni kazi ya mwandishi na mweka hazina. Mimi sikubali. Mwandishi hawezi kuandika asichoambiwa, na mweka hazina hawezi kuonyesha risiti ambayo mjumbe wa kamati ameiacha katika mfuko wa koti lake huko Taveta.

Sisi watu wa reli hatuna udhuru katika jambo hili. Stesheni masta huandika saa ya gari wakati gari linapopita. Hangoji mwisho wa mwezi ndipo akumbuke gari la mizigo la Jumanne lilipita saa ngapi. Lakini fedha za chama twaziandika kwa kukumbuka! Nauli ya kwenda Mwatate, chai ya mkutano, mchango wa mazishi, yote hungoja Desemba. Tena siku hizi fedha hupita katika simu. Ujumbe wa M-Pesa ni msaada mzuri, lakini simu huanguka majini, na mkaguzi hataki kushika simu ya mtu. Andika katika daftari siku ile ile, na risiti uitie katika faili.

Sasa nije kwenye jambo kubwa, yaani orodha ya wanachama. Ziko orodha mbili. Moja ni ya mwajiri, ya watu anaowakata ada. Ya pili ni daftari letu. Tuseme ya mwajiri ina watu 84, na daftari letu lina 91. Hao 7 ni akina nani? Tuwatafute mmoja mmoja. Wawili wamestaafu. Mmoja amefariki, Mungu amrehemu. Watatu wamehamishwa Mombasa na hakuna aliyeandika. Amebaki mmoja, yuko kazini hapa hapa Voi, naye hakatwi ada. Je, alijiondoa kwa barua, au jina lake limeruka katika ofisi ya mishahara? Huyo ndiye wa kwendewa nyumbani, maana siku atakapopata shida kazini atasema yeye ni mwanachama, na mwajiri atasema siye.

Na hapa ndipo mishahara inapoingia. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007 yasema kwamba mwajiri hulazimika kukitambua chama kikiwa na zaidi ya nusu ya wafanya kazi wanaoweza kuandikishwa nacho. Bila kutambuliwa hakuna mapatano ya mishahara. Basi idadi ya watu wetu ndiyo nguvu yetu mezani, na idadi isiyo na karatasi mwajiri huicheka.

Kabla sijaingia reli nilifanya kazi kwa mwajiri mwingine, jina lake siliji. Kwa miezi mitano tulikatwa ada, nayo haikufika chamani. Tulipouliza tuliambiwa kwamba tumekosea hesabu. Mama mmoja wa jikoni alikuwa ameweka karatasi zake zote za mshahara katika mkebe wa biskuti. Zilitolewa, zikalinganishwa na taarifa ya benki ya chama, mwezi kwa mwezi. Mwajiri alilipa yote.

Vijana huuliza kwa nini tumwogope Msajili. Sisemi tumwogope, bali tukumbuke. Mwaka 1949 Makhan Singh na Fred Kubai walianzisha East African Trade Union Congress huko Nairobi. Serikali ya kikoloni ilikataa kuuandikisha, na mwezi wa Mei 1950 wote wawili walikamatwa. Tena baada ya Uhuru, mwaka 1965, mashirikisho mawili yaliyokuwa yakishindana yalifutwa, ikaundwa COTU. Hayo yalikuwa mambo ya siasa, wala si ya risiti kupotea. Lakini uwezo wa kufuta chama bado umo katika sheria. Atakaye kutufuta na atafute sababu nyingine, asiikute katika faili letu.

Basi kazi ya wiki hizi ni hii. Kila mwenye risiti au fedha ya tawi mkononi aipeleke kwa mweka hazina kabla ya mwisho wa Novemba. Kumbukumbu za mikutano ya mwaka huu zitiwe sahihi. Ya Agosti bado haina sahihi, Ndugu Mwenyekiti anajua. Kama tumebadili viongozi, makao makuu yaarifiwe upesi, kwa maana matokeo ya uchaguzi hutakiwa kwa Msajili katika siku 14. Kujumlisha na kutoa si kugumu. Mimi nilifika darasa la nane tu katika shule ya misheni, na hesabu ya huko yanitosha.

Neno dogo la pembeni, lisilo la chama. Mwaka mpya ukifika daini fomu P9 kwa mwajiri, mpeleke taarifa zenu za kodi kwa KRA kabla ya tarehe 30 Juni. Atakayechelewa faini yake haipungui shilingi 2,000, hata kama kodi yote ilikwisha kukatwa.

Jumamosi hii vitabu vya tawi vitakuwa wazi mezani tangu saa tatu asubuhi hadi saa saba. Njoni mtazame majina yenu, mkaje na karatasi za mshahara za tangu Januari. Atakayekuwa zamu amtume mwenzake.